Mwalimu Hafutwi kwa Ujumbe wa Simu: Sheria Inavyosema Kuhusu Kuachishwa Kazi

Kwanza niondoe utata. Rongai ninayoandika habari zake si ile iliyo kando ya Nairobi. Hii ni Rongai ya Kaunti ya Nakuru, mji mdogo wa reli, mahindi na mkonge, mwendo mfupi kutoka Salgaa, pale ambapo malori yanayotoka bandarini kwetu Mombasa hupumzika kabla ya kuendelea na safari ya Eldoret na Uganda. Mimi ni mzaliwa wa Kilifi. Nililetwa huku na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, miaka tisa iliyopita, na wanafunzi bado wananiita Mwalimu wa Pwani.

Ninaandika kwa sababu ya kikao kimoja ambacho nilikaa kimya.

Kila shule ya umma ina bodi ya usimamizi, ile tunayoiita BOM. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka awemo mwakilishi mmoja aliyechaguliwa na walimu. Katika shule yetu ya sekondari mwakilishi huyo nilikuwa mimi. Siku hiyo muhula wa kwanza ulikuwa umeanza tu, na ajenda ilikuwa fupi. TSC ilikuwa imetuletea walimu wawili wapya, pesa za serikali zilikuwa zimechelewa, na mwenyekiti akasema walimu watatu wa bodi waachwe waende. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha. Tulikunywa chai tukaagana.

Jioni hiyo mmoja wa wale watatu, mwalimu wa Hisabati na Kemia aliyekuwa amefundisha nasi miaka minne kamili, alipata ujumbe kwenye simu: asante kwa huduma yako, Jumatatu usije. Alinipigia usiku. Hakulia wala hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe ulikuwa ndani. Nimekosa nini?"

Nikamjibu, "Madam, hukukosa kitu."

Wakati ule sikujua kwamba jibu langu lilikuwa ndilo msingi wa kesi yake. Sheria ya Kenya inatofautisha kabisa kati ya mfanyakazi anayeondolewa kwa kosa na anayeondolewa bila kosa. Kila mmoja ana njia yake, na zote mbili zina hatua ambazo mwajiri hawezi kuziruka. Nimezisoma tangu usiku ule, na ningependa msomaji mwenye mwana, dada au jirani anayeshika chaki azijue kabla hajazihitaji.

Kwanza jua mwajiri wako ni nani

Ukiingia chumba cha walimu cha shule yoyote ya umma, iwe Rongai au Kaloleni, utakuta watu wanaofanya kazi ileile lakini hawana mwajiri mmoja.

Kuna wa TSC wa kudumu. Hawa wanalindwa na Katiba yenyewe. Kifungu cha 237 kinaipa TSC kazi ya kusajili walimu, kuwaajiri, kuwapangia shule, kuwapandisha vyeo, kuwahamisha, kuwaadhibu na kuwaachisha kazi. Kwa hivyo mwalimu mkuu hana mamlaka ya kumfuta mwalimu wa TSC. Wala bodi haina, wala mbunge aliyekasirika hana. Wanaweza kushtaki kwa TSC, na bodi inaweza kuanzisha uchunguzi kwa niaba ya tume, lakini kauli ya mwisho si yao.

Kuna walimu wanagenzi, ambao TSC huwapa mkataba wa muda na posho. Wengi wao waliingia sekondari msingi ilipoanza Januari 2023, kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato.

Halafu kuna walimu wa bodi. Hawa ndio wanaoziba pengo pale TSC isipoleta mtu. Wana nambari ya TSC kwa maana wamesajiliwa kufundisha, lakini mkataba wao ni na bodi, na mshahara wao hutoka katika mfuko wa shule. Mwalimu wa bodi akiachishwa na kukimbilia TSC, ataambiwa kwamba tume haimjui kama mwajiriwa wake. Aliyekuajiri ndiye utakayemdai.

Nimeona watu wakipoteza miezi kwa kubisha mlango usio wao, na katika mambo ya kazi miezi ina thamani, kama nitakavyoeleza.

Ukiondolewa kwa kosa

Tuanze na mwalimu wa TSC. Tuhuma ikitokea, iwe ni utoro, wizi wa pesa za shule, vyeti vya kughushi au kumdhuru mtoto, lazima kwanza ichunguzwe. Ikionekana ina uzito, mwalimu hupewa barua ya kumsimamisha kazi inayotaja kosa lake. Barua hiyo bado si ya kumfuta kazi. Kwa kanuni za TSC za 2015, anayesimamishwa hukabidhi vitu vya shule na kuondoka katika muda wa saa 48, na ana siku 21 za kujitetea kwa maandishi. Kwa makosa mengi hulipwa nusu mshahara akisubiri kusikizwa. Kwa baadhi, kama vile kutoroka kazi au kula pesa za umma, hapati kitu.

Kisha husikizwa. Ana haki ya kujua ushahidi ulio mbele ya tume, kuleta mashahidi wake na kuwauliza maswali wale wanaomshtaki. Baada ya hapo TSC inaweza kumwondolea lawama, kumwonya, kumsimamisha bila mshahara kwa muda usiozidi miezi 6, kumstaafisha kwa manufaa ya umma, kumwachisha kazi, au kumfuta na kuliondoa jina lake katika sajili ya walimu. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa asiye katika sajili haruhusiwi kufundisha shule yoyote nchini. Asiporidhika, ana siku 90 tangu tarehe ya barua kuomba uamuzi huo uangaliwe upya.

Hapa nina neno kwa sisi tuliotoka Pwani. Kukosa kazini bila ruhusa kwa siku 14 mfululizo huhesabiwa kuwa kutoroka kazi. Sasa fikiria mwalimu wa Ganze anayefundisha Solai akipigiwa simu kwamba mzazi amefariki. Anapanda basi usiku uleule. Kuna mazishi, kuna matanga, kuna mambo ya familia ya kukaliwa, na safari yenyewe ya kurudi ni siku nzima. Wiki mbili hupita kama mchezo. Kufiwa si kosa, lakini kuondoka bila maandishi kunakuweka pabaya. Omba ruhusa kwa maandishi hata kama unaandika ukiwa stendi ya basi, na uhifadhi jibu.

Kwa upande wa walimu wa bodi, kanuni za TSC haziwahusu katika ajira yao, lakini Sheria ya Ajira ya 2007 inawahusu. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu, kazi duni au afya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amsikize akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Kifungu cha 43 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha sababu hiyo. Kifungu cha 46 kinataja sababu ambazo haziwezi kuwa halali hata kidogo, zikiwemo ujauzito, uanachama wa chama cha wafanyakazi na kushiriki mgomo halali.

Mwaka 2013 mahakama ya kazi iliamua kesi ya mwalimu mmoja dhidi ya TSC, na uamuzi huo umenukuliwa mara nyingi sana tangu hapo. Ulisema kuachisha kazi kunapimwa kwa mizani mbili: sababu iwe ya haki, na njia iliyofuatwa iwe ya haki. Ukiwa na sababu nzuri lakini umeruka hatua, umeshindwa. Ukifuata hatua zote lakini sababu yako ni ya uongo, umeshindwa vilevile.

Najua kuna msomaji atakayeuliza: hatua zote hizi si ndizo zinazowalinda walimu wabaya? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika kaunti hii hii. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wanafunzi wawili wa kike wa shule ya msingi ya Nakuru waliodhulumiwa kimapenzi na mwalimu wao. Mahakama haikuishia kwa mwalimu. Iliibebesha pia TSC na serikali lawama kwa kushindwa kuwalinda watoto hao, na ikaamuru walipwe fidia. Kwa hivyo mwajiri hawezi kujificha nyuma ya taratibu na kumhamisha mkosaji kutoka shule moja hadi nyingine. Taratibu zipo ili anayestahili kuondoka aondoke bila kurudishwa na mahakama, na asiyestahili abaki.

Ukiondolewa bila kosa

Sasa nirudi kwa Madam wetu. Hakuwa amekosa. Shule haikuwa tena na pesa wala vipindi vya kumpa. Sheria inaliita jambo hili upunguzaji wa wafanyakazi, na kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinalieleza hatua kwa hatua.

Mwajiri hutoa taarifa ya maandishi. Ikiwa mfanyakazi ni mwanachama wa chama, taarifa huenda kwa chama na kwa afisa wa leba, mwezi mmoja au zaidi kabla, ikieleza sababu na idadi ya watakaoathirika. Ikiwa si mwanachama, huandikiwa yeye binafsi, na afisa wa leba pia hujulishwa. Kisha kuna swali la nani aondoke. Mwenyekiti hawezi kuchagua kwa uso wala kwa ukoo. Sheria inataja vigezo: muda mtu aliokaa kazini, ujuzi, uwezo na uaminifu wake. Halafu kuna malipo: likizo alizobakisha, notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi huo, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika.

Mahakama ya Rufaa ililigusa jambo hili mwaka 2014 katika kesi ya wafanyakazi waliopunguzwa na Kenya Airways. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alieleza kwamba taarifa ile ya mwanzo si ya kupamba faili. Inatolewa ili pande mbili zikae zizungumze kama kuna njia nyingine ya kuokoa kazi.

Pima basi kikao chetu kwa mizani hiyo. Taarifa ya mwezi? Haikuwepo. Afisa wa leba? Hakuna aliyemkumbuka. Vigezo? Hatukutaja hata kimoja. Tuliwaacha wale watatu kwa kuwa majina yao yalikuwa juu ya karatasi.

Jambo hili huwaangukia walimu wa bodi zaidi kuliko wa TSC. Shule ikiwa na walimu wa TSC kupita mahitaji, TSC ina mamlaka ya kikatiba ya kuwahamisha, kwa hivyo anayezidi Rongai hupelekwa penye uhaba. Mwalimu wa bodi hana mahali pa kuhamishiwa. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, TSC iliendelea kuwalipa walimu wake, na wengi wa walimu wa bodi walirudi shambani na sokoni.

Nisiwe mwepesi wa kuilaumu bodi. Serikali huahidi Sh22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka, na pesa hizo zikichelewa au zikija pungufu, mwalimu mkuu ana wauza unga na mahindi wanaomdai langoni. Hata uwezo wa bodi kuajiri walimu hauko wazi, kwa kuwa sheria ya 2013 inapotaja bodi kuajiri inazungumzia wafanyakazi wasio walimu. Lakini ukishamtumia mtu miaka minne na kumlipa kila mwezi wa masomo, huwezi kugeuka na kusema hakuwa mwajiriwa.

Na wanagenzi? Tarehe 17 Aprili 2024 mahakama ya kazi, chini ya Jaji Byram Ongaya, iliamua kwamba TSC ilikiuka haki yao ya kutendewa haki kazini, kwani kazi iliyopewa na Katiba ni kuajiri walimu waliosajiliwa, si kuwaweka walimu hao hao katika unagenzi. Uamuzi ulifuatwa na mgomo, na hatimaye wanagenzi wa kundi hilo, takriban 46,000, wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu. Walikuwa wengi na walikuwa pamoja. Mwalimu wa bodi huwa peke yake, na mara nyingi hana hata barua.

"Lakini sina barua"

Hilo ndilo Madam aliloniambia tulipokutana Jumamosi, nikiwa nimeshasoma kidogo. Aliajiriwa kwa mdomo. Alidhani hana lake.

Kumbe sheria iko upande wake hapo. Kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi, na anayepaswa kuuandaa ni mwajiri. Mkikutana mahakamani na mwajiri akashindwa kuuonyesha, ni juu yake kuyakanusha masharti anayodai mfanyakazi. Tena Madam alikuwa na mengi kuliko alivyodhani: taarifa za M-Pesa zinazoonyesha malipo kila mwisho wa mwezi, ratiba za vipindi zenye jina lake, na orodha za alama alizotia saini. Tulizipanga mezani kwangu kwa tarehe, muhula kwa muhula.

Palikuwa na udhaifu mmoja. Likizo za Aprili, Agosti na Desemba alikuwa halipwi. Wakili wa shule angeweza kusema kwamba kila muhula ulikuwa kazi mpya. Lakini kifungu cha 37 kinasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha katika miezi 3, anahesabiwa kuwa na mkataba wa kawaida wenye haki zake. Na kufundisha mtoto kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne si kazi ya miezi 3.

Tukapiga hesabu. Mshahara wake ulikuwa Sh12,000. Siku 15 kwa miaka 4 ni siku 60, na kwa Sh400 kwa siku ni Sh24,000. Ongeza mwezi mmoja wa notisi, unapata Sh36,000. Na kama mahakama ingeona ameachishwa isivyo haki, ingeweza kumpa fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, yaani isiyozidi Sh144,000 kwake. Mahakama inaweza pia kuamuru mtu arudishwe kazini, ingawa hilo ni nadra.

Muda haungoji

Anayeachishwa ana miezi 3 kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Huduma hiyo haihitaji wakili. Akitaka kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ana miaka 3, na ikipita hata kwa siku moja mlango umefungwa. Kwa sisi wa huku mahakama hiyo ina kituo Nakuru mjini, na kwa ndugu zetu wa Pwani iko Mombasa na Malindi. Mwalimu wa TSC ambaye ni mwanachama aanze na tawi la chama chake, KNUT au KUPPET, kwa sababu ada anayokatwa kila mwezi ni ya siku kama hiyo.

Madam alikwenda Nakuru kwa afisa wa leba akiwa bado ndani ya ile miezi 3. Bodi iliitwa, ikaketi naye. Ililipa Sh36,000 kwa awamu tatu. Hakurudishwa kazini. Sasa anafundisha shule ya kibinafsi upande wa Kampi ya Moto kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kwetu, na kidato cha nne alichokiacha kilikaa bila mwalimu wa Kemia hadi Mei. Wale wengine wawili hawakudai. Mmoja aliniambia anaogopa jina lake kuchafuka kwa walimu wakuu wa eneo hili, na sikuwa na la kumwambia, kwa kuwa hofu hiyo si ya bure.

Mwaka huu jambo lilelile lilirudi mezani, na safari hii jina lilikuwa moja. Niliinua mkono. Nikasoma kifungu cha 40 polepole, kama nilivyokuwa nikisomea kidato cha kwanza, na nikapendekeza barua ya mwezi mmoja iandikwe, nakala iende kwa afisa wa leba, na malipo yake yatengwe kabla. Walikubali.

Mwenyekiti, mzee ninayemheshimu sana, alinitazama juu ya miwani. "Mwalimu wa Pwani," akasema, "mbona sheria hii hukutuambia mwaka jana?"

"Sikuwa nimeisoma, mzee."